Miguu ya Muindi Yaenda Kazini

Kila asubuhi, kabla ya chai ya wodi, miguu ya Muindi ilishuka kitandani, ikatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kwenye tanuri la Kalama kukanyaga udongo wa matofali. Muindi mwenyewe alibaki chali, macho darini, kama alivyoagizwa.

Mgongo ulivunjika siku ukingo wa shimo la udongo ulipomporomokea. Wenzake walimfukua, wakamsimamisha ili waone kama anaweza kutembea, halafu wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mbio hadi hospitali. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Ni huko njiani mfupa ulipoisaga mishipa ya fahamu.

Daktari alisema hakuna haja ya kumpasua. Alale, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kisha avalishwe mkanda mgumu wa mgongo ndipo aanze kuketi. Wathome, mwenye tanuri, aliahidi mbele ya watu kwamba mkanda ataleta yeye.

Jioni miguu ilirudi ikajilaza mahali pake. Muuguzi Kalunde alifunua shuka, akasonya.

"Muindi, hizi miguu zako zimeleta matope tena."

"Sista, si mimi nimezituma."

Kalunde aliipangusa kwa maji baridi. Muindi hakuhisi kitu.

Mkewe, Syombua, alichoka kungoja, akaenda tanurini kuulizia mkanda. Wathome alimwonyesha shimo. Miguu ilikuwa inakanyaga bila kupumzika, wala haikuomba maji.

"Mama, si mzee wako yuko kazini? Mkanda ni ya nini sasa?"

"Mgongo yake iko hospitali."

"Mimi niliandika mtu wa kukanyaga. Na anakanyaga."

Syombua alirudi wodini amefura kwa hasira.

"Ziambie zikae hapa kesho. Zikikosa kazi, huyo mtu ataleta mkanda."

Muindi aliikataza miguu kwa Kiswahili, akaikataza kwa Kikamba, akakaza meno mpaka jasho likalowesha mto. Ilimuuma kushindwa na miguu yake mwenyewe. Amri ilishuka hadi kiunoni, ikaishia hapo.

Kulipopambazuka miguu iliondoka kama kawaida. Ilikuta Wathome ameshafika, naye akaipeleka kukanyaga chini ya ukingo uleule uliomporomokea Muindi.