Balbu Ipi Itawaka Zaidi?

Mimi Murugi sina subira na kitabu kinachobishana nami. Binti yangu Wakiuru alikuwa amekikumbatia kitabu chake cha mazoezi mwezi mzima, akijiandaa kwa mtihani wa mchujo Nyeri. Ukipita, chuo kinakupokea ujifunze ufundi wa stima. Ukianguka, unarudi kwetu Endarasha kupalilia viazi. Mwaka jana alianguka. Machozi yale sikutaka kuyaona tena.

Siku moja kabla ya mtihani nilimkuta jikoni amenuna.

"Mami, hii kitabu iko na makosa," akasema. "Balbu tatu zinafanana, zimefuatana kwa waya moja. Gani itawaka zaidi? Mimi nimesema ya kwanza. Ati jibu ni zote sawa!"

"Sawa namna gani?" nikafoka. "Ya kwanza razima ishibe. Si unaona Theuri?"

Theuri ni jirani yetu wa juu. Bomba la maji ya mradi hupita kwake kwanza, naye humwagilia kabeji mpaka zinaogelea. Sisi wa chini tunapata matone na salamu. Huku Kieni, penye uhaba wa maji, hata mtoto anajua kwamba aliye juu hunywa na aliye chini hungoja. Basi tukamlaani mwandishi wa kitabu, mama na mwana, kwa sauti moja.

Lakini je, kama tuliokosea ni sisi? Nikatoka nje na bisibisi, nikafungua indiketa za pikipiki ya mume wangu Mutahi, nikarudi na balbu tatu za aina moja.

"Kuuliza si ujinga," nikamwambia. "Haya, tuulize balbu zenyewe."

Wakiuru akaziunganisha zikifuatana, kutoka betri ya sola na kurudi. Zikawaka zote tatu, hafifu lakini sawasawa, ya mwisho kama ya kwanza.

"Haipungui njiani," akasema polepole. "Mkondo wenye unaingia kwa balbu ya kwanza ndio huo huo unatoka kwa ya mwisho, unarudi kwa betri. Hakuna mwenye anakunywa."

Akachomoa ya katikati, zote zikazima. Akazipanga upya, kila balbu na njia yake mpaka kwenye betri, jikoni kukang'aa. Akachomoa moja, zingine hazikujali. Akaanza kucheka, nikacheka naye hadi chai ikamwagika motoni. Mutahi akaingia kuulizia indiketa zake, tukamwambia anyooshe mkono akitaka kukata kona.

Kesho yake nilimsindikiza. Walifanya mtihani asubuhi, na alasiri msimamizi akatoka nje kuwaita waliopita. Aliita majina mengi. Mikono ya Wakiuru ilikuwa baridi ndani ya mikono yangu, na mimi nilikuwa nimeanza kumchukia yule msimamizi kwa uzito wa ulimi wake.

"Wakiuru Mutahi!"

Kwetu msichana akizaliwa hupigiwa vigelegele vitatu, mvulana vitano. Wakiuru alipata vyake vitatu, na siku ile sikulalamika. Pale uwanjani, mbele ya watu wote, nilipiga vitatu, nikavuta pumzi, nikamwongezea viwili.