Dole la Bwana Wembe

Msinione mpole hivi. Nina kinyongo cha miaka kumi na moja, nimekilea kama mwanangu.

Nimemwekea daktari mpasuaji tuliyemwita Bwana Wembe. Enzi zake daktari alikuwa mungu mdogo: akisema amesema, nani wewe umwulize? Mdogo wangu, fundi cherehani, aliingia kwake kutolewa uvimbe. Akatoka hana kizazi, na hakuna aliyemwambia. Miaka mitatu akahangaika kutafuta mtoto. Mume akaondoka, mawifi wakamsema mchana kweupe. Hadi daktari mwingine alipompima akamwuliza, "Dada, kizazi ulitolewa lini?"

Akaomba nakala ya faili lake. Fomu ya ridhaa ilikuwa imepigwa dole gumba. Dole! Mdogo wangu ana mwandiko wa kuringia, tangu lini akapiga dole? Ndipo akakumbuka kwamba siku ile alizinduka kidole kikiwa cheusi, akadhani ni dawa. Tukashtaki. Bwana Wembe akaapa kwamba mgonjwa alikubali mwenyewe, wakubwa wakamwamini.

Lakini Mungu si Athumani. Mwezi uliopita aliletwa wodini kwangu, mimi nesi wa zamu, sukari imemla mguu wa kulia. Hakunitambua. Fomu yake ilisema ataoshwa kidonda, na chini kulikuwa na mstari: ikibidi, mguu ukatwe. Tulipomfikisha chumba cha upasuaji, kabla hajasaini, daktari wa usingizi akamchoma sindano akidhani kila kitu tayari. Mzee akaanza kukoroma.

"Mpige dole tu, sista, tuwahi," akasema daktari wa usingizi.

Jamani, siwadanganyi. Nilifungua pedi ya wino, nikalishika dole lake nikalichovya. Lilikuwa limelegea kama la mtoto. Mkono ulitaka, haki ya Mungu ulitaka! Lakini kila mstari wa fomu ile uliandikwa baada ya mtu kuumizwa, na mmoja wa walioumizwa nimezaliwa naye tumbo moja. Ningepiga, ningekuwa nimemwambia Bwana Wembe kwamba alifanya sawa.

"Hakatwi mtu hapa hadi aamke," nikasema. Daktari wa usingizi akasonya, tukamrudisha mgonjwa kitandani. Wino sikumfuta. Hapo ndipo roho yangu mbaya ilipokaa, nami siombi radhi.

Alipozinduka, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa dole lake. Akalitazama. Rangi ikamtoka.

"Mguu wangu! Mmenikata?" Ule mguu ulishakufa ganzi zamani, hakuweza kuusikia, na kufunua shuka aliogopa. "Nani kawaruhusu?"

"Si wewe mwenyewe, mzee? Dole hilo."

"Mmenipiga nimelala! Nalijua hilo dole, msinifanye mjinga!"

"Unalijulia wapi?"

Nikamtajia fundi cherehani na uvimbe wake. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, machozi yakamlenga.

"Tulikuwa tunawapiga wote," akasema. "Ilikuwa kuokoa muda."

Daktari wa usingizi alikuwa mlangoni, kasikia kila neno. Nami nikafunua shuka. Mguu ulikuwepo, na kidonda chake.

Nikamsomea fomu mstari kwa mstari, polepole, kama ambavyo mdogo wangu hakusomewa. Mstari wa kukatwa mguu akaufuta kwa kalamu, akasaini. Akaoshwa kidonda tu.

Sasa kila asubuhi namfunga bandeji mwenyewe, simwachii mtu. Wenzangu wananisifu eti nina moyo wa huruma. Huruma ya wapi! Mdogo wangu ameshasaini mashtaka mapya kwa mwandiko wake ule ule, na daktari wa usingizi ameandika aliyoyasikia. Baraza la madaktari limemwita Bwana Wembe mwezi ujao, ghorofa ya tatu, na lifti yao ni mbovu. Nataka apande ngazi zile kwa miguu yake yote miwili.