Tortila Tatu za Mpungate

Maneno yaliyomkaa Eulalia rohoni aliyaokota kwenye duka la mashine za kufulia nguo: kwamba insulini, dawa ya sindano ya kisukari, inapofusha. Mwanamke mmoja alisimulia habari za shangazi yake wa mji wa Reynosa, Meksiko, aliyeanza sindano Januari na kufika Pasaka akawa hawaoni wajukuu wake. Tangu hapo, kila binti yake Yaretzi alipoinua blauzi ajidunge, Eulalia aligeukia ukutani.

Yaretzi alikuwa na miaka kumi na mitano, na kisukari kilimwanza akiwa na saba. Kliniki walimfundisha kuhesabu wanga wa chakula: tortila moja ya mama yake, mkate bapa wa mahindi, ni gramu kumi na tano, na kipimo cha sindano hufuata hesabu. Eulalia akawaza, wanga ukipungua kimyakimya, sindano nazo si zitapungua? Akamwaga juisi zote, asali akaitupa. Jumapili akasaga majani ya mpungate, mmea wa jangwani wenye miiba, akatia unga wa mahindi kiganja kimoja tu, akakanda, akachoma. Tortila zikatoka za kijani. Binti alipouliza, akamjibu kwamba ametia giligilani.

Yaretzi akajidunga kwa hesabu ya tortila tatu za kila siku, akala tatu.

Hata saa haijaisha, Eulalia yuko kwenye vyombo, akamsikia binti akijibu mambo asiyoulizwa. Kugeuka, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Kipimo cha sukari kilisoma arobaini na mbili, na chini ya sabini ni hatari.

"Mama, juisi."

Friji ilikuwa na maji na mpungate. Eulalia akatoka mbio hadi kwa jirani, Doña Hortensia.

"Nipe soda. Ile yenye sukari."

"Wewe tena? Si juzi ulinisema nakunywa sumu?"

"Hortensia, mtoto ananiponyoka."

Hortensia hakutania tena. Alichomoa chupa, wakakimbia wote, yeye peku.

Yaretzi akanywa kidogokidogo, meno yakigonga glasi. Robo saa, sitini na moja. Akanywa tena. Robo saa nyingine, tisini na nne. Ndipo akauliza tortila zilikuwa na nini, na Eulalia akasema yote, macho yakiwa sakafuni.

"Mimi najidunga kwa kukuamini wewe, Mama," binti akasema, basi.

Kesho yake Eulalia alipiga simu kliniki. Muuguzi akamweleza kwamba kinachoharibu macho ni sukari kukaa juu miaka na miaka, na wengi huanza sindano wakiwa wamechelewa, macho yameshaanza kuharibika. Mpungate ni chakula kizuri, akasema, mradi mlaji ajue anakula nini.

Jioni aliandika karatasi mbili, moja ya friji yake, moja ya mlango wa duka la mashine za kufulia:

Usibadilishe unga bila kumwambia anayejidunga.
Usimwambie ale nusu baada ya kujidunga kwa sahani nzima.
Usipunguze sindano kwa maneno ya watu. Uliza kliniki.
Usikae nyumbani bila juisi au soda ya sukari.
Sukari ikishuka, usimpe soda isiyo na sukari.
Akizimia, usimnyweshe kitu. Ita gari la wagonjwa.