Mto Ulipoziba

Mwanapili alipopewa na serikali eka zake tatu bondeni, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, alikirudisha chumba alichopanga mjini Ng'ambo akahamia shamba na jembe, chungu na mkeka. Maisha yake yote alikuwa akikaanga maandazi kwenye vibaraza vya watu. Ardhi yake mwenyewe, tena yenye mto pembeni, hakuwahi hata kuiota. Kila alfajiri alishuka kuutazama mpunga, akasema "Alhamdulillahi" kabla ya neno jingine lolote.

Masika moja mvua ilinyesha vizuri, mpunga ukaanza kuchanua, halafu ghafla maji yakakatika. Mto ukabaki vidimbwi. Majaruba yakapasuka, majani yakaanza kujikunja.

Jirani yake Mashavu hakuona la kuuliza. "Ni yule Bi Bahiya wa huko juu. Bonde hili lote lilikuwa la marehemu mumewe, sasa kabakishiwa kipande. Kanyang'anywa ardhi, na yeye anakunyang'anya maji!"

Mwanapili alilitwaa jembe lake akaufuata mto. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, kila moja kali kuliko lililotangulia. Shikamoo hatampa, hilo alikwisha kuliamua.

Alimkuta Bi Bahiya ndani ya maji mpaka mapajani, kanga kajifunga kibwebwe, anakatakata matawi kwa panga. Ukingo ulikuwa umeporomoka na mfenesi mkubwa ukalala kuvuka mto, ukanasa makuti, tope na magugu mpaka maji yasipate pa kupita. Nyuma yake shamba la bibi huyo lilikuwa ziwa. Mpunga wake ulichungulia ncha tu.

"Shikamoo," ilimtoka Mwanapili mwenyewe hajui.

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Mie nnalima kule chini. Maji hayaji."

Bi Bahiya akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kwako hayaji, kwangu hayatoki."

"Sasa mbona hukuita watu?"

"Nikiita mimi, nani atakuja?"

Mwanapili aliona haya kwa yale aliyokuja nayo moyoni. Aliteremka majini, wakavuta matawi pamoja, lakini gogo halikutikisika. Basi akarudi mbio kuwaita wenziwe. Mashavu alinung'unika, hata hivyo shoka alilichukua.

Walikata na kuchimba mpaka alasiri. Gogo lilipoachia, maji yalitoka kwa kishindo, Bi Bahiya akateleza. Mashavu ndiye aliyemdaka mkono, akamng'ang'ania kwa nguvu zote mpaka akampandisha ukingoni. Wakakaa wote wawili kwenye tope, wakihema, wakitazamana, kisha wakaangua kicheko.

"Ahsante, mwanangu," Bi Bahiya alisema. "Mungu akulipe."

Walipopumzika, Bi Bahiya aliwaonyesha udongo ulivyomeguka. "Zamani kingo hizi hazikulimwa. Si kwamba tulikuwa wajuzi, ardhi ilikuwa tele tu. Sasa kila mtu analima mpaka majini. Hata mimi, huu mfenesi niliufukua mizizi nipate kupanda viazi."

Palepale wakakubaliana ukingo usilimwe tena, upandwe nyasi za mabingobingo za kuushika udongo, na mto usafishwe na wote kabla ya kila masika. Mwanapili ilimbidi aing'oe mihogo yake ya pembeni mwa mto, nayo ilikuwa imeanza kunenepa. Ilimuuma. Akaing'oa.

Mpunga haukupona wote. Majaruba ya mbali na mto yalikufa, na ya Bi Bahiya yaliyozama yakaoza nusu. Lakini uliosalia ulikuwa na masuke mazito. Punje zilipoanza kukomaa Mwanapili alivuna kidogo, akazikaanga, akazitwanga pepeta, akaichanganya na nazi na sukari, akapanda nayo kwa Bi Bahiya. Mashavu akasema na yeye anakwenda, wala hakuambiwa.

Bi Bahiya aliwatandikia mkeka barazani. Alitia pepeta kinywani, akafumba macho, akatafuna taratibu.

"Tamu," alisema. "Mpunga wa bonde hili nimeula tangu nilipoolewa. Kuletewa na jirani, ndiyo mara ya kwanza."

Mwanapili akamsogezea sahani.

"Kula, Bi Bahiya. Bado iko."