Kilo za Veneranda

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta juu ya mizani. Nilikuwa nimejifunga kanga moja, nimevua hereni, nimevua saa, nimetoa na pumzi yote, kwa sababu niliamini pumzi nayo ina uzito. Mshale ukasogea, ukafika pale unapofika kila wiki, ukakaa.

"Sogea," nikauambia kwa upole.

"Niende wapi?" mshale ukauliza. "Ndani kumejaa."

Nieleze kwanza. Mimi na Veneranda tulianza kupungua pamoja. Ni mwenzangu tangu chuo. Sasa tunapanga vyumba vinavyotazamana, tunatafuta kazi pamoja, na sukari tuliiacha siku moja. Mwanzoni tulishuka kama watu wanaoshuka ngazi wameshikana mikono. Kisha mwili wangu ukagoma. Nilikata wali, akapungua yeye. Niliruka kamba mpaka jirani akaja kuuliza kama nina ugomvi na sakafu, akapungua yeye. Nampenda sana Veneranda, lakini kila aliposhuka kwenye mizani akitabasamu, nilimpongeza kwa meno ya mbele tu.

Na Jumamosi hii dada yake anaolewa. Gauni langu la sare nilimwambia fundi alishone kwa vipimo vya Veneranda, nikiamini kwamba hadi siku hiyo nitakuwa nimemfikia. Fundi aliniuliza mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu kwa imani.

Katika ndoto gauni lilikuwa limening'inia mlangoni, linanitazama.

"Usinisogelee," likasema. "Mwenyewe wangu namjua."

Nikageuka ili nisilijibu vibaya. Chumbani mwangu mna wageni.

Wako saba, wafupi, wa mviringo, wamevaa vizuri. Wengine wamekaa kitandani, wengine kwenye mkeka, mmoja juu ya ndoo. Wanakula kabichi langu la kuchemsha bila malalamiko.

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia mkubwa wao, mama wa makamo mwenye kilemba cha zambarau. Ananisogezea stuli yangu mwenyewe. "Keti. Umekonda."

Neno hilo sijaambiwa tangu nizaliwe. Nusura nimkumbatie.

"Samahani, mama. Ninyi ni nani?"

"Sisi ni kilo."

"Kilo zangu?"

Wanatazamana, wanacheka kwa adabu, mikono mdomoni.

"Zako ziliondoka zamani," anasema Mama Kilemba. "Tulipishana nazo hapo mlangoni. Zilikuwa zinalia. Unaruka kamba vibaya sana, mwanangu, unakanyaga watu. Sisi ni wa Veneranda."

Wakajitambulisha mmoja mmoja. Mama Kilemba alitokana na ndizi nyama za Krismasi, mwaka wetu wa pili chuoni. Wawili waliokaa kitandani walikuwa mapacha wa mandazi ya kantini. Yule wa kwenye ndoo, kijana mwenye aibu, alikuwa wa soda, na hakutaka izungumzwe.

"Sasa kwangu mlifikaje?"

"Ulitukaribisha."

"Mimi?"

"Ukiwa unakula, Veneranda akipita, unasemaje?"

"Nasema karibu."

"Yeye anajibuje?"

"Anajibu asante, nimeshiba."

"Basi," anasema Mama Kilemba. "Yeye alikuwa ameshiba. Aliyekuwa nyuma yake hakuwa ameshiba."

Wivu ulinipanda kutoka magotini. Yaani hata unene nilionao haukuwa wangu. Veneranda anapungua, mimi namlelea. Niliuliza, kwa sauti niliyoilainisha kadiri nilivyoweza, kama kwangu wanapapenda.

"Hapana ubaya," akasema pacha mmoja. "Ila kwa Veneranda tulikuwa tunalala mapema."

"Na kicheko chake," akasema mwenzake. "Akicheka, tumbo zima linatikisika. Tulikuwa tunabembea."

"Wewe huwa unacheka?" akauliza Kilo wa Soda.

"Siku hizi sicheki."

"Tumeona."

Mama Kilemba akajifuta mikono, akasimama, na wote wakasimama. "Haya, mwanangu. Tumekula, tumekunywa. Tunaaga."

Moyo wangu ukaruka. Nikafungua kinywa niwatakie safari njema, kikasema, "Mbona mapema hivyo? Kaeni kidogo."

Wakakaa.

Baada ya muda wakaaga tena. Nikauma ulimi, nikashika mashavu kwa mikono miwili, nikasema, "Aa, jamani, hata chai hamjanywa?" Wakakaa, mmoja akavua viatu. Kinywa hiki kilifundishwa na mama yangu, na mama yangu hakuwahi kufukuza mtu.

Nikakumbuka kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikafungua kabati, nikakuta ndani mna shamba. Nikawagawia majembe.

Hawakununa. Walilima wakiimba, wakapanda mihogo, wakaivuna hapo hapo, wakaila. Walipotoka kabatini walikuwa wamekomaa, mikono imejaa, shingo zimekaza. Nikapanda kwenye mizani na mshale ukapiga yowe.

"Hukujua?" likaniuliza jembe lililokuwa karibu nami. "Kilo akilima hapungui. Anaimarika."

Ndipo likanijia wazo, nami sikulifukuza.

"Mngependa kurudi kwa Veneranda?"

Kilo wa Soda akaanza kulia taratibu.

"Tungerudi hata sasa hivi," akasema Mama Kilemba. "Lakini tuliondoka wenyewe, tunaona haya kupiga hodi. Mpaka atupeleke mtu anayekaribishwa kule. Yeye akishasema karibuni, tumeshaingia."

"Mimi nakaribishwa kule saa yoyote," nikasema.

Gauni likajirusha kutoka mlangoni, likanikalia begani. Lilikuwa limeanza kuwa na adabu.

Kati ya mlango wangu na wa Veneranda kuna hatua mbili. Tunatoka, na korido inakuwa uwanda mkubwa juu ya mlima, tambarare kabisa, hauna mteremko popote. Tunatembea. Namwona Veneranda akilini siku ya Jumamosi, anavuta zipu, zipu haiendi, anaita watu wamsaidie. Napiga mluzi.

Uwanda unageuka ukumbi wa mahafali. Majina yanasomwa. La Veneranda linasomwa kwanza, kama kawaida, na wageni wangu wanapiga makofi mpaka wanatetemeka wote. La kwangu linasomwa. Kilo wa Soda peke yake anapiga makofi, na anaacha haraka akidhani amekosea.

Naongeza mwendo.

"Hodi," nasema mlangoni kwa Veneranda.

"Karibu, Stumai."

Amekaa mkekani peke yake. Mbele yake kuna sahani ya mchicha na yai moja la kuchemsha. Wageni wamejibanza nyuma yangu, wanajitengeneza, wananyoosha nguo.

"Karibu tule," anasema. "Nilikuwa nakusubiri. Nikila peke yangu hakishuki."

Anachukua kijiko, analikata yai. Halikatiki sawasawa. Upande mmoja unatoka mkubwa, na kiini karibu chote kiko huko. Anausukuma upande wangu wa sahani, halafu anatandaza mchicha juu yake haraka nisione.

Nimeona.

"Mbona umesimama? Uko na nani hapo nje?" anauliza. "Nasikia watu wanahema."

"Sema," gauni linaninong'oneza. "Sema umekuja na wageni."

Ningesema tu. Veneranda angesema karibuni; hawezi kutosema. Angesogea, angewapa na mkeka. Naitazama mifupa ya shingo yake, ile niliyoionea wivu tangu kiangazi. Nalitazama yai.

"Niko peke yangu," nasema. "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?" anasema Mama Kilemba.

Sigeuki.

"Tumelima shamba lake," anasema pacha mmoja.

"Nimempigia makofi," anasema Kilo wa Soda.

"Mimi nimezaliwa Krismasi," anasema Mama Kilemba, polepole, "nimekaa kwa watu miaka na miaka, na sijawahi kukanwa mlangoni. Nyanyukeni. Hatuagi."

Nasikia viatu vikivaliwa. Nasikia vilemba vikikazwa. Wanaondoka kwa hatua nzito za watu waliokosewa, na mimi najua niliwakosea, na kinywa changu, bila ruhusa, kinafunguka kusema mbona mapema hivyo.

Veneranda akanitia yai mdomoni.

Nikaamka nikitafuna.

Kulikuwa kunapambazuka. Uani nilisikia ufagio wa Mama Kiangi, mwenye nyumba wetu. Nikafungua mlango nikanawe uso, na Veneranda akafungua wake, mswaki mdomoni, mwembamba kama jana. Nikaona wivu kidogo. Nikamsalimia.

"Stumai," akaita Mama Kiangi bila kuinua kichwa, "wageni wako hawana adabu. Wanatoka alfajiri wamenuna, wananipita hapa hata salamu hamna."

"Wageni gani, mama?" akauliza Veneranda.

"Nitawajuaje? Wafupi wafupi. Mmoja analia, maskini." Akafagia kidogo. "Mtu hawezi kumwacha mwenzake aende hivyo. Nikawaambia karibuni chai."

Akainama kuzoa takataka, akasita, akajishika kiunoni. Akaifungua kanga, akaizungusha upya, akavuta pindo moja, akavuta na la pili. Hayakukutana.

"Hebu angalieni," akasema. "Na hata sijaifua."