Video Aliyoikataa Mama

Macaire alianguka ghalani alikofanya kazi, Mesquite, Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka 2018. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, Dallas, nakunja mashuka, simu ikaita. Nilipofika hospitali, mume wangu alikuwa ameshafunikwa.

Kwetu Warundi wa huku, mazishi hupigwa video ili walio nyumbani nao wazike. Kazi hiyo tulimpa Egide, ambaye siku zote hupiga harusi. Akaitengeneza kama anavyotengeneza harusi: jeneza linashuka, waridi zinamwagika kutoka juu, na mwishoni moyo mwekundu unadunda.

"Egide, huo moyo wa nini?"

"Shemeji, unakuja wenyewe. Nimeshindwa kuutoa."

Mama mkwe alipoiona kule nyumbani, Makamba, alinipigia.

"Nimeona magari. Nimeona watu wa miwani nyeusi. Na huyo mliyempaka poda simjui. Mwanangu aliondoka kambi ya wakimbizi hana hata ndevu. Nionyesheni Macaire, la sivyo mimi sigandukii mtu."

Kuganduka ndiko kumaliza matanga. Mama mzazi akikataa, hakuna anayeweza kutangaza siku, na mjane anabaki ndani ya matanga. Nikatafuta kwenye simu. Macaire hakupenda kupigwa picha. Nilipata kisogo chake, na mkono wake umeshika sahani.

Kazini nilikuwa na Odalys, Mkuba wa umri wa mama yangu. Mpwa wake alikuwa anakuja Houston na filamu yake, kwenye maonyesho ya filamu fupi za wanawake wa Kuba.

"Twende wote," akasema. "Ile barabara kuu inanitisha kuendesha peke yangu. Na wewe unahitaji kukaa mahali ambapo hawakupi pole."

Njiani nilimsumbua kwa maswali. Wanawake wa Kuba wanapiga filamu za nini? Za mapenzi? Za vita?

"Mpwa wangu amepiga kiti," akajibu. "Baba yake ameuza pikipiki apate kamera, yeye anakwenda kupiga kiti! Utaona."

Ukumbi ulikuwa mdogo. Filamu moja ilikuwa ya msusi, nyingine ya wasichana wanaojifunza ndondi. Maneno ya Kiingereza yalipita chini haraka, nikaacha kuyasoma, nikatazama tu. Kisha kikaja kiti kweli, kiti cha mbao barazani. Jirani anapita, anakizunguka. Mtoto anafuata mpira, naye anakizunguka. Mgeni anaingia, anakaa chini kwenye ngazi. Nikajikuta nimeinama mbele.

Walipotuambia tuulize, nilinyoosha mkono.

"Mwenye kiti yuko wapi?"

"Ni bibi yangu," yule binti, mpwa wa Odalys, akasema. "Alikufa kabla sijapata kamera."

"Hakuna hata picha yake moja?"

"Hakuna. Kwa hiyo nikatafuta ni nani bado anampisha."

Nikataka kujua zaidi. Kamera aliiweka wapi? Alisubiri sana? Majirani walijua? Akanijibu yote, mpaka Odalys akanivuta nguo.

"Mwanangu, waachie na wengine!"

Jumapili baada ya misa nikatoka na simu yangu nyuma ya jengo letu. Pale Macaire alikuwa amelima kipande cha ardhi, na maharage aliyopanda kabla ya kufa yalikuwa yameota. Nikakaa kwenye ndoo, nikapiga. Watoto walikuja mbio, wakafika kwenye tuta, wakazunguka. Jirani yetu mzee Yves alikuja na mpira wa maji.

"Usinipige mimi," akasema. "Mimi namwagilia tu mpaka..." Akaendelea kumwagilia.

Sikuweka muziki wala waridi. Nikamtumia mama mkwe ilivyo.

Akapiga. Akauliza, "Elvire, maharage hayo nani kayabananisha hivyo?"

"Ni yeye, mama."

"Nilimchapa kwa hilo! Kila msimu! Namwambia weka nafasi, yeye anafukia kama anaficha kitu!" Akacheka, akalia, akacheka tena. "Huyo ndiye. Huyo sasa nimemwona."

Kuganduka kumetangazwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, Makamba, saa nane mchana. Hapa Mesquite itakuwa saa moja asubuhi, na watu watakusanyika kwangu.