Bosko Alikwenda Nyuma

Mwaka 2000, ukame ulipomaliza mbuzi wa Mashuuru, mzee Metito alituletea mbwa wake Bosko mjini Kitengela akiwa amemfunga kamba ya katani. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa ikitafuta mbwa, na kazi yangu mimi Opiyo ilikuwa kuwapima: huyu wa lindo, huyu wa kukaa na familia, huyu hafai.

"Mbuzi zimeisha," mzee alisema. "Kwangu Bosko atakufa njaa. Hapa akipata kazi, atakula."

Nilimwambia aniachie mimi, miaka kumi na miwili na mbwa si mchezo. Nilijisikia sana siku hizo.

Nilisimama na Bosko katikati ya uwanja. Mwenzangu Khisa akaingia kwa lango la mbele, amevaa lile koti zito la majaribio, akipiga kelele na kutikisa fimbo. Bosko alimtazama Khisa, akanitazama mimi, kisha akaenda zake mpaka ua wa nyuma akalala pale, ametupa mgongo. Tulirudia mara tatu, na mara tatu akafanya vilevile. Khisa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika kana kwamba nimetukanwa. Nikaandika: mwoga, hajali mtu, hafai.

Mbwa aliyeanguka majaribio aliwekwa siku saba. Mwenyewe asipokuja kumchukua, daktari wa mifugo alimdunga sindano ya kumuua. Mashuuru hatukuwa na mtu wa kumpigia simu. Ningeweza kuomba siku chache zaidi. Sikuomba.

Metito alifika siku ya kumi. Nilimweleza nikiangalia chini. Hakupiga kelele, aliuliza tu, "Mlisimama wapi?"

Nikamwonyesha.

"Wewe na huyo mwingine, wote mbele?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi alienda nyuma. Tumechunga hivyo miaka saba. Mimi mbele ya mbuzi, yeye nyuma, kwa sababu fisi inatokea nyuma. Mbele kukiwa na mtu, hiyo ni kazi ya mtu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimrudishia kamba yake, akaikunja polepole, akaitia mfukoni.

Kuna jambo sikumwambia. Siku ya sindano nilimshika Bosko kichwa mimi mwenyewe. Hakumtazama daktari hata mara moja. Alikuwa akinyoosha shingo kuangalia ua ulio nyuma yangu, na mimi nikimgombeza atulie.